Nani anakaa kiti gani: kuelewa ubia wa waajiri, vyama vya wafanyakazi na Serikali katika sekta ya afya

Msimu wa bajeti ukikaribia, kumbi za mikutano za Dodoma hujaa vikao vya mabaraza ya wafanyakazi. Picha husambaa kwenye makundi ya WhatsApp: mkurugenzi wa hospitali katikati, viongozi wa chama cha wafanyakazi pembeni, mgeni rasmi kutoka wizarani, na nyuma yao bango kubwa. Haipiti saa moja kabla mtu hajauliza: "Kwa hiyo nyongeza inaanza lini?" Anauliza muuguzi wa Makole, anauliza mtaalamu wa maabara wa Kongwa, na hakuna anayejibu, kwa sababu kikao kile hakikuwa na mamlaka ya kuongeza hata shilingi kumi kwenye mshahara wa mtu. Hasira inayofuata humwangukia mwakilishi wa wodi, naye kosa lake ni kukaa kwenye meza ambayo wenzake hawakuambiwa ni ya nini.

Katika afya meza ziko nyingi, na kila meza ina watu wake na mipaka yake. Malalamiko mengi ya haki kabisa hufa kwa sababu yamepelekwa pasipo na mtu wa kuyatia saini.

Tuanze na neno lenyewe. Watu wa kazi na ajira husema "utatu". Maana yake ni pande tatu zinazokaa pamoja kuamua mambo ya kazi: waajiri, wafanyakazi kupitia vyama vyao, na Serikali. Shirika la Kazi Duniani, ILO, limejengwa juu ya utaratibu huo tangu 1919, na Tanzania iliridhia mkataba wake namba 144 kuhusu mashauriano ya utatu mwaka 1983. Wafanyakazi wanaleta madai, mwajiri analeta uwezo na mipango yake, Serikali inaleta sheria na kusimamia haki isipindishwe.

Ugumu unaanza ukifika hospitali ya umma, kwa kuwa hapo Serikali inakalia viti viwili. Fikiria umepanga chumba Nkuhungu, halafu mwenye nyumba wako ndiye pia mwenyekiti wa mtaa unakotakiwa kupeleka malalamiko ya kodi. Anaweza kuwa mtu mwema sana. Lakini ukizungumza naye unahitaji kujua leo amevaa kofia ipi. Mkurugenzi wa hospitali anapoongoza kikao yuko pale kama mwajiri. Afisa Kazi wa mkoa akija kwenye kikao hichohicho, yeye ni jicho la Serikali inayosimamia sheria. Wote wawili wanalipwa na Hazina, ila kazi zao ni mbili.

Kabla ya hapo kuna swali ambalo wahudumu wengi wa afya hawajawahi kuulizwa wazi: mwajiri wako ni nani? Hospitali ya Benjamin Mkapa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma ambayo wengi bado wanaiita Jenerali, na Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ziko chini ya Wizara ya Afya. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya za Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa, pamoja na zile za Jiji, ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hospitali ya Mvumi ni ya Kanisa la Anglikana, St. Gemma ni ya Kanisa Katoliki. Katika hospitali za kanisa zenye makubaliano na Serikali unaweza kukuta wauguzi wawili zamu moja, wodi moja, mmoja analipwa na Hazina na mwingine na kanisa. Wanafanya kazi ileile, lakini anayeweza kumpa huyu nyongeza hana uwezo wowote juu ya yule.

Kwa waliomo kwenye utumishi wa umma, mshahara hupangwa kwa ngazi za TGHS, yaani ngazi za mishahara ya Serikali kwa watumishi wa afya. Ngazi hizo ni zilezile Dodoma, Kigoma na Mtwara, na hutoka kwa waraka wa Ofisi ya Rais inayoshughulikia utumishi. Mganga mfawidhi hawezi kuzigusa, mkurugenzi wa halmashauri hawezi, wala mwenyekiti wa chama tawini. Ukilielewa hili tu, nusu ya ugomvi wa vikaoni unaisha.

Neno jingine linalochanganya watu ni "baraza". Baraza la Uuguzi na Ukunga na Baraza la Madaktari Tanganyika ni vyombo vya kusimamia taaluma: vinasajili, vinatoa leseni, vinashughulikia makosa ya kitaaluma. Havitetei maslahi ya mtu, na kwenda huko kudai posho ni kupoteza nauli. Baraza la madiwani ni la siasa za halmashauri. Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, linalojulikana zaidi kwa kifupi chake LESCO, ni la kitaifa, tutalifikia. Lililo karibu na mfanyakazi ni baraza la wafanyakazi la mahali pake pa kazi, na hapo inafaa kukaa kidogo.

Mabaraza haya yalianzishwa kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970, wakati wa siasa ya Ujamaa, kwa wazo kwamba mfanyakazi ashirikishwe katika uendeshaji wa mahali anapofanya kazi. Leo yanasimama juu ya sheria mbili: Sheria ya Majadiliano katika Utumishi wa Umma ya 2003, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ambayo inamruhusu mwajiri na chama kilichotambuliwa kuingia mkataba wa kushirikisha wafanyakazi. Ndiyo maana kabla baraza halijazinduliwa husainiwa kwanza mkataba wa kuliunda kati ya mwajiri na chama. Mkataba huo unataja wajumbe ni wangapi, wanapatikanaje, vikao ni vingapi na baraza linadumu muda gani. Kila mjumbe anapaswa kuwa na nakala yake, na wengi hawana.

Mwenyekiti wa baraza ni mkuu wa taasisi. Hili huwashangaza wengi wanaodhani baraza ni la chama. Katibu huchaguliwa na wajumbe. Wajumbe ni wakuu wa idara, wawakilishi waliochaguliwa na sehemu zao, yaani wodi, maabara, famasi, mapokezi, ufuaji na kadhalika, pamoja na viongozi wa tawi la chama. Kazi kubwa ya baraza ni kupitia mpango na bajeti ya taasisi kabla haijapelekwa juu, kisha kuangalia utekelezaji. Linajadili mpango wa mafunzo, vifaa vya kazi, usalama, nidhamu, ufanisi, motisha zinazotokana na mapato ya ndani. Na kitenzi chake kikuu ni "kushauri". Baraza halitoi amri. Linamweka mwajiri mahali ambapo hawezi tena kusema hakuambiwa, na maneno yake yanaandikwa kwenye muhtasari.

Wapo wanaosema basi halina maana. Si kweli. Baraza linaloandaliwa vizuri hubadilisha mambo ambayo mfanyakazi anayahisi kila siku, kwa sababu mambo hayo yako ndani ya uwezo wa taasisi: mgawanyo wa zamu, chumba cha kupumzikia usiku, viwango vya posho ya kuitwa kazini inayolipwa kwa mapato ya hospitali, usafiri wa wanaotoka zamu saa tatu usiku. Kinacholiua ni maandalizi.

Tazama hoja moja inavyosafiri. Inaanza kwenye kikao cha wodi. Mjumbe anaiandika, anaipeleka kwa katibu wa baraza kwa maandishi, inapitia kamati inayopanga ajenda, inafika barazani, inajibiwa, jibu linaingia kwenye muhtasari, kikao kinachofuata kinauliza imefikia wapi. Kila kituo ni mahali pa kupotea. Mara nyingi inapotea mwanzoni kabisa, kwa sababu imekuja kama malalamiko matupu: "Glavu hazitoshi wodi ya wazazi." Mwenyekiti atajibu kwamba limepokelewa, na limekwisha. Chukulia hoja hiyohiyo imekuja hivi: katika miezi mitatu wodi iliomba boksi 90, ikapokea 40, boksi moja lina glavu 100, yaani jozi 50, jozi 2,000 zimegawanywa kwa kina mama waliojifungua, na wastani wa jozi kwa kila mzazi ni huu hapa, wakati utaratibu unahitaji hizi. Hapo mkuu wa manunuzi analazimika kujibu kwa namba, na mwenyekiti anaona pengo ambalo linaweza kuwekewa kasma, yaani fungu kwenye bajeti.

Kituo cha pili cha kupotea ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai, na Bunge huanza kujadili bajeti Aprili hapahapa Dodoma. Makadirio ya taasisi yanakuwa yamekwisha kufungwa kabla ya hapo. Hoja yenye gharama ikiletwa Mei haitapata fedha mwaka huo hata kila mtu aikubali. Mjumbe anayetaka chumba cha kupumzikia wauguzi wa usiku aanze kukusanya takwimu zake Septemba, akazifikishe kwa idara inayoandaa mpango kabla ya Krismasi. Baraza la Februari au Machi ni la kuhakikisha fedha haijaondolewa kwenye rasimu.

Kituo cha tatu ni mrejesho. Mjumbe anarudi wodini na bahasha ya posho ya kikao, hasemi kitu, na watu wanaanza kuamini baraza ni sehemu ya kwenda kula. Nusu saa ya kueleza kilichokubaliwa, kilichokataliwa na sababu yake ingetosha kumwondolea lawama hiyo.

Sasa chama. Wahudumu wa afya wengi wako TUGHE, Chama cha Wafanyakazi wa Serikali na Afya, na walio halmashauri wengine wako TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Chama cha wafanyakazi ni tofauti na chama cha kitaaluma kama MAT ya madaktari. MAT inajenga taaluma na kuisemea. Haijasajiliwa kufanya majadiliano ya mishahara kisheria. Tofauti hiyo si ya makaratasi tu, kama tutakavyoona kwenye migomo.

Wazee wengi bado wanakiona chama kama tawi la Serikali, na wana sababu. Kuanzia 1964 kulikuwa na chama kimoja tu, NUTA, kilichoundwa kwa sheria baada ya vyama huru kuvunjwa, kisha ikaja JUWATA chini ya chama tawala. Ni Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 1998 iliyofungua mlango wa vyama huru kama tunavyovijua leo, na shirikisho lao ni TUCTA. Kwa hiyo uhuru wa chama kisheria upo. Nguvu yake inategemea wanachama wake.

Nguvu hiyo inapimwa kwa hesabu. Chama kikiwa na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi husika, kina haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano. Kinampa mwajiri taarifa kwa fomu maalumu, na ndani ya siku 30 mwajiri anatakiwa kukutana nacho ili wasaini makubaliano ya kutambuana. Akikataa au akikaa kimya, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na likishindikana huko linaamuliwa na Mahakama ya Kazi. Katika hospitali binafsi na za kanisa hatua hii ndiyo hukwama zaidi: watumishi 80, wanachama 35, halafu wanashangaa mwajiri hataki kukaa mezani. Hana wajibu huo mpaka wafike 41.

Baada ya kutambuliwa ndipo hujadiliwa mkataba wa hali bora. Huu ni mkataba wa maandishi unaotiwa saini, nakala yake hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi, na unambana kila mtu wa kundi lile, mwanachama na asiye mwanachama. Anayesema "mimi si mwanachama, haunihusu" amekosea. Sheria pia inaruhusu makubaliano ya ada ya uwakala, ambapo asiye mwanachama anachangia kwa kuwa anafaidi matunda ya majadiliano. Ada hiyo haiwezi kuzidi ile ya mwanachama.

Na makato ya uanachama? Mwajiri hana ruhusa ya kuyaanza bila idhini yako kwenye fomu ya TUF 6. Ukitaka kujitoa, unaandika barua ya taarifa ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Makato yanayokatwa yanatakiwa kufika kwenye chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Chukulia ada ni asilimia 2 na mshahara ni 800,000: hiyo ni shilingi 16,000 kwa mwezi, 192,000 kwa mwaka. Mtu anayetoa kiasi hicho ana haki ya kuomba taarifa ya mapato na matumizi ya tawi lake, na anapaswa kuiomba kikaoni, si kunong'ona kantini.

Kiongozi wa chama mezani ni kama mshenga. Mshenga ana heshima, anaongea kwa niaba ya ukoo, lakini hawezi kukubali idadi ya ng'ombe kwa kichwa chake. Akifika kwenye jambo ambalo hakutumwa, anaomba kurudi kwa wazee. Upande wa mwajiri ni vilevile. Mkurugenzi wa hospitali ya umma anaweza kutaka kwa moyo wote kukubali dai, na bado akalazimika kuomba kibali juu. Majadiliano yanayovunjika mara nyingi ni yale ambayo upande mmoja ulikubali kitu ambacho haukutumwa, halafu ukashindwa kukitekeleza. Swali la kwanza la kuuliza kabla ya kikao chochote ni hili: wewe unaruhusiwa kusaini nini leo?

Mambo ya mishahara ya umma yako ngazi ya taifa. Huko kuna Baraza la Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma, ambako vyama na Serikali kama mwajiri hukutana. LESCO ni pana zaidi: lina wawakilishi wa Serikali, wa waajiri na wa wafanyakazi kwa idadi sawa pamoja na wataalamu, na mwenyekiti wake hatakiwi kuwa mtumishi wa Serikali wala kiongozi wa chama au wa waajiri. Linamshauri waziri kuhusu sera na sheria za kazi. Sekta binafsi, ikiwemo afya binafsi, ina bodi ya mishahara inayopendekeza kima cha chini kwa kila sekta. Ndiyo sababu matangazo huja mawili na watu huyachanganya. Mei Mosi ya 2025 pale Singida, Rais alitangaza kima cha chini cha utumishi wa umma kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Mhudumu wa zahanati binafsi ya Area C aliyeshangilia siku ile hakuwa na chake katika tangazo hilo. La kwake hutoka kwa Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya sekta binafsi. Na hata kwa mtumishi wa umma, asilimia 35.1 ilikuwa ya kima cha chini. Kupanda kwa kima cha chini hakumaanishi kila ngazi inapanda kwa asilimia ileile.

Wenzetu wa Uingereza wana mfano unaosaidia kuona mipaka hii. Katika huduma yao ya afya ya umma, NHS, kuna jukwaa la ubia ambako waajiri, vyama na wizara huzungumza kuhusu sera zinazogusa watumishi. Masharti ya kazi na mishahara yana chombo kingine. Uskochi imekwenda mbali zaidi: tangu sheria ya 2004, kila bodi ya afya inawajibika kisheria kwa namna inavyowatendea watumishi wake, na mwakilishi wa wafanyakazi anaketi kwenye bodi yenyewe kama mjumbe kamili. Hilo la mwisho lingefaa kufikiriwa kwenye bodi za hospitali zetu. Mwakilishi akiwa ndani ya chumba fedha inapogawanywa, baraza linakuwa na mtu wa kufuatilia ushauri wake.

Kuhusu mgomo kuna imani mbili, zote mbili na kasoro: kwamba mhudumu wa afya hawezi kugoma kabisa, na kwamba anaweza kugoma wakati wowote akichoka. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaitaja afya pamoja na maabara zake kuwa huduma muhimu, sawa na maji, umeme na zimamoto. Mgomo unaruhusiwa tu kukiwa na makubaliano ya huduma za kiwango cha chini zitakazoendelea, na makubaliano hayo yawe yamepitishwa na Kamati ya Huduma Muhimu. Bila hayo mgogoro wa maslahi unapelekwa kwenye usuluhishi, kisha uamuzi. Mgomo wa madaktari wa 2012 ulikwenda nje ya njia hiyo; Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi iliamuru usitishwe, na madaktari wengi vijana waliingia kwenye matatizo ya usajili na ajira, huku wagonjwa wakiwa wameumia. Madai yao ya vifaa na mazingira ya kazi yalikuwa mazito. Ndiyo maana inauma kwamba yalibebwa na chombo cha kitaaluma, kisicho na nguvu ya kisheria ya kuyabeba.

Yapo pia mambo ambayo hayahitaji meza yoyote kati ya hizi. Nauli ya likizo isiyolipwa, daraja lililopitwa, barua ya onyo isiyo ya haki ni ya mtu mmoja, na barazani hayaendi. Yaanze kwa barua kwa afisa utumishi, nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwako. Mtumishi wa umma, tangu marekebisho ya 2016, anatakiwa kumaliza kwanza njia za ndani ya utumishi, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kutumia njia za sheria za kazi. Wa sekta binafsi anakwenda CMA moja kwa moja: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Siku zinaanza kuhesabiwa tukio linapotokea, si siku unapomaliza kubembelezana na mwajiri. Wengi walioachishwa kazi hufika siku ya 45 na faili zuri, wakaambiwa waombe kwanza kuongezewa muda.

Na liko tukio moja linalopita kwenye meza zote kwa pamoja: kuchomwa sindano. Saa hiyohiyo osha jeraha kwa maji na sabuni, toa taarifa kwa msimamizi wa zamu, iandikwe kwenye daftari la matukio. Dawa za kinga ya VVU zianze haraka iwezekanavyo, na zisivuke saa 72. Mwajiri apeleke taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa sababu bila tukio kuandikwa fidia itakuwa ngumu kupatikana baadaye. Mwisho wa mwezi mjumbe wa wodi ahesabu matukio ya aina hiyo, aangalie yametokea zamu ipi na kwa sindano za aina gani, aone kama makasha ya kutupia yalikuwa yamejaa. Hesabu hiyo aipeleke kwa katibu wa baraza Septemba.